Kilimanjaro haukuwa zawadi, na Berlin haikuchora mpaka wetu

Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu mipaka ya Afrika imerudia mambo mawili ambayo watoto wetu wanayakariri hadi kwenye mitihani. La kwanza ni kwamba mabeberu walikaa Berlin mwaka 1884, wakatandaza ramani mezani na kuligawa bara kwa rula. La pili ni kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale Taveta. La kwanza ni nusu ya kweli. La pili ni hekaya. Naomba nafasi niyaeleze yote mawili, kwa sababu asiyejua mpaka ulipatikanaje hawezi kuelewa kwa nini hadi leo Tanzania na Malawi zinabishania maji ya Ziwa Nyasa.

Nianze na zawadi, maana haina ugumu. Mstari unaopita Kilimanjaro ulikubaliwa kwa barua mbili zilizobadilishwa London, moja ya 29 Oktoba na nyingine ya 1 Novemba 1886. Kaisari wa wakati huo alikuwa Wilhelm I, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu mwenyewe, Wilhelm II, alikuwa mwanamfalme wa miaka 27 asiye na sauti katika mambo ya makoloni. Kiti cha enzi alikipata Juni 1888. Halafu siku zenyewe za kuzaliwa hazilingani: mzee alizaliwa Machi, kijana Januari, na mapatano ni ya mwisho wa Oktoba. Hekaya hii inapendwa kwa sababu inauonyesha ukoloni kama upuuzi wa wafalme. Ukoloni haukuwa upuuzi. Ulikuwa kazi ya ofisini iliyofanywa kwa makini sana.

Sasa Berlin. Mkutano ulifunguliwa 15 Novemba 1884 katika makao ya Bismarck, Chansela wa Ujerumani, mtaa wa Wilhelmstrasse, ukafungwa 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalihudhuria, Marekani na Dola ya Osmania zikiwemo. Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar, ambaye bendera yake ilipepea kwenye bandari zote za Mrima, yaani mwambao wa bara unaotazamana na Unguja, hakuwa na kiti. Hati Kuu iliyotoka hapo ina vifungu 38. Visome kimoja baada ya kingine, hutakuta kinachosema kwamba nchi ya Mjerumani inaishia mto huu na ya Mwingereza inaanzia mlima ule. Vingi vinahusu biashara huria katika bonde la Kongo, safari za meli katika mito Kongo na Niger, na ahadi za kupiga vita biashara ya watumwa. Kweli kifungu cha kwanza kinataja mipaka, lakini ni mipaka ya eneo la biashara. Nayo inafika mpaka Bahari ya Hindi, kuanzia digrii 5 kaskazini ya ikweta hadi kwenye mdomo wa Zambezi. Kwa upande wetu huu waliandika sharti: nchi huru yenye ardhi ndani ya eneo hilo haifungwi na kanuni hiyo mpaka ikubali yenyewe. Yaani kwenye karatasi Zanzibar iliheshimiwa.

Vifungu vyenye meno ni cha 34 na cha 35. Taifa linalojitwalia sehemu mpya ya pwani ya Afrika, au kuiweka chini ya ulinzi wake, liwaarifu wenzake. Na likishaitwaa pwani hiyo, liwe na mamlaka pale ya kulinda haki za watu na biashara. Basi. Pwani tu, bara halikutajwa. Hata Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji haikugawiwa na mkutano. Chama chake kilitambuliwa kwa mikataba ya taifa mojamoja iliyotiwa saini pembeni: Ujerumani 8 Novemba 1884, Uingereza 16 Desemba, Ufaransa 5 Februari 1885. Berlin ilitunga kanuni za mchezo. Mabao yalifungwa kwingine, na baadhi yalifungwa kabla filimbi haijapulizwa.

Mjerumani Carl Peters alifika Zanzibar mapema Novemba 1884, kabla mkutano haujafunguliwa. Alitumwa na chama cha watu binafsi kilichoanzishwa Machi mwaka huohuo, wala serikali ya Bismarck haikuwa imemtuma. Akavuka kwenda bara, na katika wiki chache akakusanya mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Unaojulikana zaidi ni wa Mangungo wa Msovero, Usagara, wa tarehe 29 Novemba. Watu huucheka kwa kuwa Mangungo aliweka alama kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Mimi ningependa wasomaji waangalie maneno mawili yaliyomo humo.

La kwanza ni cheo. Mangungo anaitwa «Sultani». Kwa nini kiongozi wa eneo dogo apandishwe namna hiyo? Kwa sababu mzee wa kijiji anaweza kumpa mgeni shamba, lakini hawezi kumpa dola. Sultani anaweza. Peters alihitaji mtu mwenye dola ya kukabidhi, kwa hiyo akamtengeneza kwa kalamu. La pili ni sentensi inayosema kwamba Mangungo, alipoulizwa waziwazi, alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hata hajui kama mtu huyo yupo. Sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Iliandikwa isomwe Berlin na London, ambako swali lingekuwa moja tu: je, ardhi hii si ya Barghash?

Peters alirudi Ujerumani na karatasi zake mwezi Februari. Bismarck alingoja wageni wake waondoke. Mkutano ulifungwa tarehe 26, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatia saini hati ya ulinzi kwa chama cha Peters. Neno lililotumika ni hilo hilo, «ulinzi». Ila hati iliongeza kwamba Kaisari amepokea mamlaka ya juu ya nchi hizo.

Barghash alipinga kwa simu ya maandishi mwezi Aprili. Hakuwa mjinga wala hakuwa amelala. Alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi lake, hadi Kilimanjaro, akarudi na tamko la viongozi wa Uchagga na Taveta kwamba wako chini ya Zanzibar. Lakini tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na baada ya siku chache akakubali kuitambua ile hati ya ulinzi. Konseli wa Uingereza, John Kirk, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshauri wake wa karibu, alikuwa ameagizwa na London asiwazuie Wajerumani. Sababu iko Cairo. Uingereza iliikalia Misri mwaka 1882, na fedha za Misri zilisimamiwa kwa pamoja na mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakiidai. Bila kura ya Ujerumani, Uingereza isingeweza kuiendesha Misri kwa utulivu. Mrima ukawa sehemu ya bei.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoona inastahili kufundishwa kuliko Berlin yenyewe, na ndiyo inayorukwa. Desemba 1885 tume ya watu watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa, ilianza kupita mwambao kupima mamlaka ya Sultani yanafika wapi. Mwingereza alikuwa Kitchener, ofisa yule yule aliyekuja kuiteka Sudani baadaye. Waliuliza maswali yanayosikika kuwa ya kitaalamu: Kuna askari wangapi hapa? Liwali yupo? Forodha ipo? Ukitembea kwenda bara, bendera nyekundu ya Sultani inakoma wapi? Mtego ulikuwa kwenye utaratibu wa kukata shauri: lililoandikwa kama uamuzi ni lile tu ambalo wote watatu walilikubali. Mjerumani akikataa, halipo. Na Mjerumani alikuwa na kila sababu ya kukataa, kwa sababu kila kijiji kilichotolewa kwa Barghash kilikuwa kinapunguza ardhi ya Peters. Namna ya utawala wa Zanzibar nayo iliwasaidia. Bara, Sultani alitawala kwa njia za misafara, kwa mikopo ya wafanyabiashara na kwa heshima ya watu fulani, wala hakuwa na vituo vya polisi kila maili. Ukipima utawala wa namna hiyo kwa kipimo cha ngome na bendera, hupati kitu.

Matokeo yake ni ukanda wa maili kumi za baharini kutoka mahali maji makuu yanapofika, kuanzia mto Minengani kusini hadi Kipini kaskazini, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na bandari kadhaa za Wasomali: Kismayu, Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh. Maili kumi. Hakuna ukoo, shamba wala njia ya msafara iliyokuwa ikiishia maili kumi. Hiyo ni namba ya watu waliochoka kubishana.

Baada ya kumfungia Barghash kwenye ukanda huo, Uingereza na Ujerumani wakagawana kilichobaki kwa zile barua za 1886. Maneno yake yako wazi kiasi kwamba mwalimu anaweza kuyafuata kwa kidole kwenye atlasi. Mstari unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, unapita upande wa mashariki wa ziwa na kuzunguka kaskazini yake, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chagga, unazunguka chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi pale digrii 1 kusini inapokutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria.

Soma tena: «katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chagga». Kona nzima iko hapo. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata mkataba wake Taveta. Juni 1885 Karl Jühlke, mwenzake Peters, alipata mkataba wake kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Kila upande ukashikilia karatasi yake, na mstari ukapindishwa ili kila karatasi ibaki upande wa mwenye nayo. Kama kungekuwa na rula peke yake, mpaka ungenyooka. Jaribuni: wekeni rula kwenye ule mstari wa kutoka Ziwa Victoria hadi Loitokitok, muuendeleze hadi baharini. Mtatokea jirani na Mombasa, bandari ambayo Waingereza hawakuwa tayari kuikosa.

Kuhusu itikadi, makala yenu ilisema tu kwamba ukomeshaji wa utumwa ulikuwa «kisingizio». Ni kweli, lakini kisingizio hufanya kazi pale tu kinapokuwa na watu wanaokiamini kwa dhati, na hapa walikuwapo. Agosti 1888 kampuni iliyotokana na chama cha Peters ilipochukua usimamizi wa bandari za Mrima kwa mkataba wa Aprili na Sultani mpya, Khalifa bin Said, Pangani iliwaka na vita vikaenea mwambaoni chini ya Abushiri. Kampuni ilishindwa. Kuiokoa kulihitaji fedha za bunge la Ujerumani, na chama cha Wakatoliki bungeni hakikuwa shabiki wa kampuni ya Peters. Kilichogeuza kura zao ni kampeni ya Kadinali Lavigerie dhidi ya biashara ya watumwa, iliyokuwa imewatikisa Wakatoliki wa Ulaya mwaka huohuo. Vita ikabadilishwa jina, ikawa vita ya kukomesha utumwa. Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zikaufunga mwambao, na Januari 1889 bunge likatoa marki milioni 2 kwa ajili ya jeshi la Wissmann, ofisa wa Kijerumani aliyetumwa kuvizima vita hivyo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku katika koloni la Ujerumani hadi dola hiyo ilipoondoka.

Mapatano ya 1 Julai 1890 yanajulikana zaidi, lakini nayo huelezwa vibaya, eti Uingereza «ilibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Heligoland». Zanzibar haikuwa ya Ujerumani hata iweze kubadilishwa. Ujerumani iliahidi kutopinga ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba, ikaacha Witu, usultani mdogo wa karibu na Lamu, na madai yake kaskazini ya mto Tana, na ikaiachia Uingereza Uganda. Yenyewe ilipata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na ahadi kwamba Uingereza itamshawishi Sultani auze mwambao wa Tanganyika moja kwa moja. Aliuza, kwa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000. Ufaransa ililalamika kwa sababu tangu 1862 ilikuwa imeahidiana na Uingereza kuheshimu uhuru wa Sultani. Ikatulizwa mwezi Agosti kwa kutambuliwa ulinzi wake juu ya Madagaska.

Fuateni zile pauni 200,000, maana makala haikuzigusa. Hazikutumika Zanzibar. Ziliwekwa London. Mwaka 1895 Uingereza ilipotaka kuivunja kampuni yake ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeshikilia mwambao wa Mombasa, kampuni ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati yake zilikuwa fedha hizo hizo za Sultani. Kuanzia hapo akawa analipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi ya mwambao, na 6,000 za riba ya asilimia 3 ya hela yake mwenyewe. Kwa lugha ya sokoni, aliuza nusu ya shamba, akatumia bei yake kumlipa mpangaji wa nusu ya pili aondoke, na mpangaji mpya akaingia bila kutoa mtaji. Ukanda huo wa maili kumi ulibaki kisheria mali ya Sultani hadi mapatano ya Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru wa Kenya.

Kuandika mstari ni jambo moja, kuupata ardhini ni jingine. Latitudo hupimwa kwa urefu wa jua au nyota, na mpimaji makini hakosei sana. Longitudo ilihitaji saa. Dunia huzunguka digrii 1 kwa dakika 4, na digrii 1 karibu na ikweta ni kilomita 111 hivi. Saa ikipotea kwa dakika moja tu umekosea kilomita 28. Saa zenyewe zilikuwa zimebebwa vichwani na wapagazi kwa miezi. Ndiyo maana ramani za awali ziliweka maziwa na milima ya magharibi mahali pasipo pake. Mapatano ya 1890, yaliyouendeleza mstari wa digrii 1 kusini hadi magharibi ya Ziwa Victoria, yalitaja mlima Mfumbiro ambao hakuna kati ya waliosaini aliyejua hasa uko wapi, yakasema kwamba ukionekana kuwa kusini ya digrii 1, mstari upinde uuache upande wa Uingereza. Lile jina lilikuja kueleweka kuwa ni la safu nzima ya volkano za Virunga, na ilibidi Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zikae upya Brussels mwaka 1910.

Digrii 1 kusini ina kasoro nyingine isiyohusu vipimo. Haifuati kitu chochote kinachoonekana. Magharibi ya Ziwa Victoria mto Kagera unapinda kusini ya mstari huo, kwa hiyo kipande cha Tanzania kikabaki ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikiingia, na Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Alichokuwa anakataa ni sentensi moja ya mwaka 1890.

Ziwa Nyasa ni hivyohivyo. Kifungu cha kwanza cha mapatano yale kinasema mpaka unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe. Malawi inasimama hapo: ufuko ni mpaka, maji yote ni yake. Tanzania inadai mstari wa katikati, kwa desturi ya kimataifa, na inaonyesha kifungu cha sita kinachoruhusu mistari irekebishwe kulingana na mahitaji ya mahali. Waingereza walipotawala pande zote mbili baada ya Vita vya Kwanza, ripoti na ramani zao wenyewe hazikuwa na kauli moja. Wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokubaliana Cairo, Julai 1964, kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, walizuia vita vingi, lakini hawakusema mpaka uliokuwapo ni upi pale ambapo mkoloni mwenyewe aliuchora kwa namna mbili. Zaidi ya hapo, ufuko husogea maji ya ziwa yakipanda au kushuka, na Songwe hubadili mkondo wake mafuriko yakija, hata mkulima akaamka shamba lake liko ng'ambo.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkichapa tena ile ramani ya makala yenu, futeni maneno «Berlin 1884» yaliyo chini yake. Kwa mpaka wa Umba hadi Ziwa Victoria andikeni 1 Novemba 1886. Kwa digrii 1 kusini na Ziwa Nyasa andikeni 1 Julai 1890. Na kama nafasi inatosha, chapeni tafsiri ya kile kifungu cha kwanza na cha sita bega kwa bega, ili msomaji wa Mbamba Bay na wa Nkhata Bay waone kinachobishaniwa.

Wenu,
Mwalimu wa historia,
Tanga